Tundu Mwishoni mwa Ufa

Wengine huliita bampa. Hapa Ndosho ni parishoki,
na la nyuma la Bauma limepasuka kutoka taa hadi namba,
mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa usemi.

Carina ya mwaka tisini na sita. Kwenye kioo
kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna aliyekisoma,
na ndani harufu ya spiriti, maana mwenyewe ni muuguzi.

Chukudu ndiyo iliyoigonga, mteremko wa Majengo,
magunia manne ya viazi kutoka Kibumba
na breki ya kipande cha tairi chini ya kisigino.
Wamekuja wote wawili. Hawasemezani.
Mwenye chukudu, kijana Sebuhoro, ameshika
kipande cha plastiki kikubwa kama kiganja
alichokiokota katikati ya makoro;
anakishika kama mtu aliyeleta jino la mwenzake.

"Sina dola," anasema. "Nina viazi."

Kwanza nanusa. Nakata ukucha wa plastiki, nauchoma:
moshi ukinuka mshumaa, basi ni ukoo wa mabeseni,
na mabeseni nayajua. Shangazi Kahambu
alinilea kwa kushona mabeseni soko la Virunga,
beseni la maharage, beseni la kufulia,
hata lile lililobebewa mtoto usiku wa kukimbia lava.
Alisema: plastiki haishiki kutu, hushika kinyongo.
Na alisema: haishikani ila na ndugu yake.

Halafu maji. Birika lile lile la chai.
Namwaga polepole pale lilipobonyea,
na plastiki, ikisikia moto, inakumbuka
umbo ililopewa kiwandani, huko ng'ambo, inajirudi:
tok!
Bauma anacheka bila kutaka,
kisha anakumbuka kwamba amekasirika.

Ufa sasa. Watu hudhani kazi ni kuuziba.
Ukiuziba tu, utaendelea na safari chini ya kiraka chako
kama panya chini ya mkeka.
Mimi huanzia mwisho wake, pale unapokuwa unywele.
Natoboa tundu la duara, la punje ya mtama.
Ufa ukifika hapo unakuta uwanja,
hauna kona ya kushika. Unasimama.
Sijui mafundi wa mambo mengine
kama wanalo tundu la namna hii.

Waya wa shaba kutoka mota ya feni iliyoungua,
bisibisi nyekundu kutoka kwenye makala:
nashona upande wa ndani, kuvuka na kuvuka,
na juu yake nayeyusha kipande cha bidoni ya njano.
Moshi unatuuma macho sote watatu kwa haki.

Makala yangali na joto, Sebuhoro anafukia viazi.
Hakuna aliyemwomba. Tunakula na majivu yake,
chumvi Bauma anayo, kwenye karatasi, mfukoni,
sijui kwa nini muuguzi hutembea na chumvi.
Anauliza gunia linauzwaje. Anaambiwa.
"Ghali," anasema, na wanabishania bei
hadi namaliza kupiga msasa.

Rangi? Ninayo ya fedha, iliyobaki geti la parokia,
si fedha ya gari hili. Bauma anaikataa.
Anapitisha kidole juu ya mshono,
mweusi, mnene, kovu la mtu aliyepona haraka.
Yeye hushona watu.
"Nyuzi zako ziko mbalimbali," anasema.
"Mgonjwa wangu halii," namjibu.

Analipa nusu. Nusu nyingine
inabaki mlangoni kwangu, ndani ya gunia.
Na Carina inaondoka, jiwe kwa jiwe,
mkono umetoka dirishani, sijui unaniaga mimi
au unamwita yule wa chukudu apande.
Sitazami mkono. Natazama lile tundu.
Kutoka hapa silioni,
lakini nalitazama mpaka kona.